Zamu ya Mama Kate Kutembelewa

Ukifa leo, utazikwa wapi?

Usinikasirikie. Kila mtu wa Nairobi ana jibu la swali hilo tayari mdomoni. Muulize mshona viatu wa Kariokor, muulize fundi wa mabati, muulize mwalimu, muulize mlevi aliyeegemea ukuta: atakutajia kijiji, mto, na mti ulio karibu na kaburi la babu yake. Ameishi Eastlands maisha yake yote. Amezaa hapa, ameota mvi hapa. Lakini ukimuuliza kwao ni wapi, anakuonyesha kwa kidole upande ambao mabasi ya mbali huelekea. Hapa, anasema, nimekuja kutafuta tu.

Mama Kate alikuwa na jibu lake. "Mimi? Mnizike Muthurwa, chini ya meza yangu ya mboga. Wateja wasipate shida kunitafuta." Watu walicheka, naye akacheka kuwashinda wote, huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Jina lake ni Annah Muhonja. Anauza mboga za kienyeji, na ana namna yake ya kuchambua mrenda. Anashika shina kwa mkono wa kushoto, analivuta katikati ya vidole viwili vya mkono wa kulia, majani yote yanabaki kiganjani na shina tupu linaanguka miguuni. Hatazami anachofanya. Anakutazama wewe. Anajua mteja fulani amegombana na mumewe kwa sababu leo amenunua mboga za mtu mmoja. Anajua ni mtoto gani anaumwa. Kucha zake ni nyeusi kwa utomvu, na kila Jumamosi jioni huzisugua kwa ndimu ili aende kanisani na mikono safi. Ndimu haijawahi kufanya kazi, na yeye hajawahi kuacha.

Baba yake, Mulongo, alitoka Maragoli akiwa kijana, akaajiriwa na reli, akapata chumba Nairobi, mtaa wa Maringo. Kurudi kujenga hakurudi, na ndugu zake waliobaki waligawana shamba bila yeye. Annah alipokuwa mkubwa aliolewa na bawabu wa kiwanda, Shitanda, mtu wa Kakamega. Shitanda alipofariki, walimpeleka kwao wakamzika, na kabla udongo haujakauka kaka wa marehemu akasema kwamba kile kipande cha shamba kilikuwa kimeuzwa zamani. Mjane akapanda basi na mtoto wake mdogo, akarudi Maringo, kwenye chumba kile cha baba yake. Mpaka leo kaburi la mumewe limo ndani ya shamba la mtu asiyemjua. Kisa hiki hakumsimulia mtu yeyote sokoni. Mimi nilikipata kwa mama yangu, ambaye aliniapisha nisikiseme, na nakisema sasa kwa sababu Mama Kate mwenyewe amenipa ruhusa.

Mama yangu, Nthoki, yuko naye katika kikundi kimoja cha akina mama kiitwacho Tushikane. Kikundi hicho kina desturi ambayo mtu wa nje angeiona kama matembezi tu. Kila mwanachama, zamu yake ikifika, hutembelewa nyumbani. Na nyumbani kwao si Maringo wala Bahati. Ni mashambani: Machakos, Murang'a, Vihiga, Bungoma. Wanakodi basi, wanavaa vitenge vya sare, wanabeba sufuria, blanketi, vikombe, unga na sukari. Mwenyeji husimama langoni. Wageni wanashuka mbali kidogo, wanakuja kwa miguu wakiimba jina lake. Anawaingiza ndani, wanaketi, wanakula chakula cha mkono wake. Halafu anawatembeza boma zima, ng'ombe, migomba, hata makaburi. Wanaliombea boma, wanaacha vitu vyao ndani ya nyumba, wanarudi mjini.

"Kwani ni lazima mwende mbali hivyo?" nilimuuliza Mama siku moja.

"Ni ili tujue njia," akasema. "Siku mmoja wetu akilala, tusimpeleke kwao tukiuliza watu barabarani."

Mama Kate alikuwa ametembelea wenzake wote. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, ndiye aliyebaki jikoni kumsaidia mwenyeji kuosha vyombo. Lakini zamu yake ilipofika alikuwa na sababu. Mwaka mmoja ilikuwa mvua. Mwaka mwingine binti yake Kate, aliyeolewa Kitale, alikuwa amejifungua.

"Basi twende huko kwa Kate," mtu akasema.

"Niwakaribishe kwa mkwe wangu?" Mama Kate akashika kichwa. "Mnataka nihame nchi kwa aibu?" Na wote wakakubali, maana mama mkwe hawezi kujifanya mwenyeji kwa mume wa binti yake.

Mwenyekiti wao ni Njoki, anayeuza nguo za mitumba Gikomba. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kushindana na mikokoteni. Mwaka jana, zamu zilipokaribia kuisha, alisimama ukumbini mwa kanisa akasema, "Mama Kate, mimi nakupenda, na unajua. Lakini sheria tuliweka pamoja. Mtu akikosa kutembelewa mara ya tatu, anatoka. Wewe unajua kwetu sisi wote. Hata paka wetu unajua. Kwako hakuna anayejua. Hiyo si haki."

"Nani amekataa?" Mama Kate akajibu. "Novemba mtakuja."

"Wapi?"

"Mtaona."

Mama alirudi nyumbani usiku ule hana raha. "Atatoka," alisema. "Na akitoka hatarudi. Namjua. Ataendelea kutuuzia mboga akicheka, na hatarudi."

Wiki iliyofuata nilikuwa napita Muthurwa, nikasikia Mama Kate ananiita.

"Wewe, kijana wa Nthoki! Kuja hapa. Ile nyumba ya mzungu uliyosimulia, ile mlienda na chuo, ni kweli mtu yeyote anaingia?"

Alikuwa anazungumzia jumba la Wexcombe, kule Limuru, katikati ya mashamba ya chai. Mlowezi aliyelijenga alikufa bila mtoto, na sasa ni makumbusho yenye bustani, mahali ambapo maharusi huenda kupiga picha.

"Akilipa tiketi anaingia," nikasema. "Lakini Mama Kate, hebu fikiria. Unalipa ili uingie kwenye ardhi ambayo watu walifukuzwa..."

Nikaanza. Nilimweleza jinsi waliolima chai ile walivyolala kwenye vibanda vya nyasi huku mtu mmoja akikosa hata la kufanya na vyumba vyake. Nilisema tumekuwa taifa la kupanga foleni kutazama vijiko vya waliotunyang'anya. Nilisema mabati ya Mathare yana historia zaidi ya yale mawe. Muuza vitunguu wa meza ya pili aligeuka kutazama kama kuna vita. Mama Kate alichambua mrenda mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Umesema vizuri sana," akasema. "Na choo kipo?"

"Kipo."

"Kivuli?"

"Miti mikubwa ajabu."

"Na geti?"

"La chuma. Refu kunipita mimi."

Hapo mikono yake ikasimama. Nilikuwa sijawahi kuiona imesimama.

"Basi huko ndiko watakuja kunitembelea," akasema.

Nilicheka, halafu nikaona ninacheka peke yangu.

"Watu huazima sufuria," akaendelea taratibu. "Watu huazima nguo za harusi, na picha zinatoka vizuri. Huyo mzungu amekufa, mtoto hana, nyumba imekaa tu. Mimi naomba siku moja. Nisimame kwenye geti niseme karibuni. Utanipeleka?"

Mimi niliona mapinduzi: mwanamke wa Maringo akidai boma la mlowezi mbele ya mashahidi. Nilikubali papo hapo na sikulala vizuri kwa furaha. Yeye aliendelea kuniuliza kuhusu geti.

Jumamosi ya ziara tulitangulia alfajiri, mimi na yeye, kwa pikapu ya mtu wa soko lake, na masufuria yamefungwa kwa leso. Wanawake wenzake walikuwa wameambiwa tu kwamba ni Limuru. Bibi mmoja alikuwa amemwambia Mama, "Kumbe Mama Kate ana shamba Limuru na ametunyamazia!" Mama alinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza ukweli.

Basi liliposimama barabarani, Mama Kate alikuwa langoni. Alikuwa amevaa kitenge cha sare na kilemba kipya, mikono imekunjwa mbele, kucha zimesuguliwa kwa ndimu. Wanawake wakashuka, wakalitazama geti, wakatazama njia ya kokoto inayopanda katikati ya miti, wakatazama jumba la mawe lenye bomba za moshi, wakamtazama yeye. Hakuna aliyeimba.

"Mulembe!" Mama Kate akaita, salamu ya kwao Maragoli. "Karibuni nyumbani!"

Njoki akaja mbele. "Mama Kate. Hapa ni kwako?"

"Leo ni kwangu."

"Na kesho?"

"Kesho ni kesho. Kwani umekuja kutembelea kesho?"

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mpaka mbele. Mama akainua wimbo, tumefika kwa Annah, tumefika, na wengine wakaupokea kwa sababu hakuna mwanamke wa Tushikane anayeweza kusikia wimbo huo akanyamaza. Wakaingia wakicheza, sufuria vichwani, hadi walipokutana na Gichuru.

Gichuru ndiye mtembezaji wageni wa pale, mzee wa sweta ya kijani na funguo nyingi kiunoni. Aliinua mikono yote miwili kama anayesimamisha ng'ombe. "Akina mama, karibuni, karibuni. Lakini mizigo inabaki nje. Ndani hatuli, hatugusi, hatuketi. Na nyimbo ziwe za chini, kuna harusi inapigwa picha kule."

"Huyu ni nani?" Njoki akauliza.

"Ni mtu wetu wa kazi," Mama Kate akasema bila kupepesa. Gichuru alifungua mdomo, akautazama uso wa Mama Kate, akaufunga tena. Mzee yule nimempenda tangu dakika ile.

Akawatembeza boma. Gichuru alisema yake na yeye akasema yake. Gichuru alisema mti ule uliletwa kwa meli ukiwa mche. Mama Kate akasema, "Huo hatuukati, ni wa kivuli." Gichuru alisema bwawa lile lilichimbwa kwa ajili ya bata. Mama Kate akasema, "Bata walihama. Walikosa wa kuongea nao." Wanawake walikuwa wanacheka sasa hata kabla hajasema, na Njoki mwenyewe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso.

Kwenye bustani ya waridi mambo yakaharibika kidogo. Mama Kate alisimama ghafla, akainama, akapiga kelele. Katikati ya vitalu, na kwenye rundo lililong'olewa pembeni, kulikuwa na mboga za managu, mabichi, manene, ya kijani iliyokolea.

"Mnatupa managu?"

"Hayo ni magugu, mama," Gichuru akasema.

"Magugu? Hii waridi mnakula?"

Kufumba na kufumbua kikundi kizima kilikuwa kimeinama, viuno juu, vitenge vimepandishwa, wakichuma managu katika bustani ya Wexcombe na kuyatia kwenye leso. Bibi harusi na wapiga picha wake walisimama kutazama. Gichuru alikimbia huku na huku, akasoma kibao, akafikiri. "Sheria inasema ni marufuku kuchuma maua," akasema mwishowe, zaidi kwa nafsi yake. "Hayo si maua." Akaenda kusimama kivulini.

Ndani ya jumba ndipo nilipotaka kusema. Kulikuwa na meza ndefu ya kulia chakula iliyopangwa sahani, bilauri na vijiko vya fedha, na viti vyake vimezungushiwa kamba nyekundu.

"Hawa wanangoja nani?" Mama akanong'ona.

"Waliishi wangapi hapa?" akauliza mwingine.

"Wawili," Gichuru akasema. "Mume na mke."

Wanawake wakapiga kofi la mshangao. Wengine wao wamelea watoto sita katika chumba kimoja. Nikaona wakati umefika. Nilipanda juu ya kizingiti nikasema, "Mama zangu, mnaona? Hii ndiyo nyumba inayolindwa kwa kamba, wakati zile mlizozaliwa nyinyi..."

"Kijana," Njoki akanikata. "Shuka hapo. Tumekuja ziara, hatujakuja mkutano."

Nikashuka.

Njoki alikuwa anavitazama viti. Nilidhani anavipenda, kumbe anafikiria sheria. "Mama Kate," akasema kwa upole, "tunaketi wapi?"

Mama Kate akamgeukia Gichuru. Alimvuta pembeni, lakini chumba kile kina mwangwi na wote tulisikia. "Baba, mtu mmoja tu. Mwenyekiti wetu. Aketi kidogo, ainuke. Ni desturi yetu, mgeni asipoketi ndani hajafika."

"Mama, naelewa. Kwetu ni hivyo hivyo." Gichuru alikuwa anazungusha funguo zake. "Lakini nikifungua hiyo kamba, nitafukuzwa kazi. Kuna kamera kule juu."

Nilikuwa nimeanza kumjibu mzee, na sikuwa na maneno ya adabu, Mama Kate akanishika mkono. "Muache. Ametusaidia sana leo."

Wakala chakula nje, kwenye nyasi, chini ya ule mti wa kivuli. Alikuwa amepika kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, na mrenda uliovutika kutoka sahani hadi mdomoni, na Gichuru akaletewa sahani yake. Walikula wakasifu. Kisha ukafika wakati wa kutoa vitu. Blanketi, masufuria, vikombe vya maua, mifuko ya unga, vyote vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi. Njoki akasimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona hajui aweke wapi mikono yake.

"Mama Kate, nimecheka leo mpaka mbavu zinauma. Chakula, Mungu akubariki. Lakini nikinyamaza nitakuwa nadanganya mbele ya hawa wote. Hatujaketi kwako. Hivi vitu nitaviacha kwa nani? Kwa mzee wa funguo? Jikoni kwa mzungu?" Akalitazama jumba. "Hii ni matembezi mazuri. Ziara si hii. Sitaweza kuiandika kwenye daftari la kikundi."

Mama alitaka kuinuka, Mama Kate akamwashiria aketi.

"Njoki amesema kweli," akasema, akapangusa mikono kwenye kitenge. Akaanza kukusanya sahani. Akaosha vyombo vyote pale kwenye bomba la bustani, na safari hii kila mtu aliinuka kumsaidia. Vitu vikarudishwa ndani ya basi.

Wakati wa kurudi nilikaa kiti cha nyuma yake. Hakuna aliyeimba. Nilikuwa na hasira na Njoki, na walowezi, na kamera, na wazee waliotufundisha kwamba mtu anaweza kuishi mahali miaka sitini na bado awe mpita njia. Nikainama nikamwambia, "Mama Kate, kwa nini hukuwaita Maringo? Pale ndipo kwako!"

"Wewe nawe." Hakugeuka. "Nani amewahi kutembelewa kwenye chumba cha kupanga? Wataketi wapi? Watatembezwa wapi, kutoka kitandani mpaka kwenye jiko?" Akarekebisha kilemba chake. "Unajua, nimeenda kwao wote. Kila mara mimi ndiye naimba nikija, na mwenzangu yuko mlangoni. Nilitaka siku moja tu mimi ndiye niwe mlangoni."

Njoki alikuwa kiti cha mbele yake. Sikujua kama anasikiliza mpaka aliposema, bila kugeuza kichwa, "Hapo Maringo ulikuja lini? Ukiolewa?"

"Nikiolewa nilitoka hapo. Nilizaliwa hapo."

"Kwenye mtaa?"

"Kwenye chumba hicho hicho. Nyuma ya pazia. Mkunga alikuwa jirani wa mlango wa pili."

Basi lilipofika, Njoki alishuka bila kuaga, na Mama akasema kwamba mwaka huu kikundi kitakufa.

Asubuhi yake, Jumapili, nilitoka kwenda kununua maziwa. Mama hakuwepo, na kitenge chake hakikuwa kwenye msumari wake. Nilipokata kona ya mstari wa nyumba za kina Mama Kate, niliwaona. Walikuwa wamesimama pale kwenye kona, kikundi kizima, na vitenge vya jana vilivyokunjamana. Masufuria yalikuwa vichwani, blanketi mabegani. Watu waliokuwa wakichota maji walikuwa wameacha mabomba yakimwagika. Njoki alitangulia peke yake mpaka mlangoni, akagonga kwa kiganja.

"Hodi mwenye nyumba!"

Mlango ukafunguka kidogo. Mama Kate alichungulia, leso ya kulalia begani, nywele hazijachanwa. Akamwona Njoki. Akawaona wengine. Akafunga mlango.

Wanawake wakatazamana. Ndani tulisikia meza ikiburutwa, bati likianguka, kitu kizito kikisukumwa, maji yakimwagwa. Njoki alibaki amesimama mbele ya mlango uliofungwa, na shingo yake ilikuwa imeanza kuinama.

Mlango ukafunguliwa wote. Mama Kate alikuwa amevaa kitenge cha sare na kilemba. Alisimama upande wa ndani wa kizingiti, mkono mmoja kwenye fremu.

"Njoki," akasema. "Mbona hamjaimba?"

"Ati?"

"Mnakuja kwa mtu kama polisi. Rudini kona. Mje vizuri."

Njoki alimtazama. Kisha mwanamke yule mrefu aliyenikata maneno mbele ya watu akageuka, akapandisha leso yake, akarudi mpaka kona kwa haraka, akipunga mikono. "Rudini! Rudini nyuma! Nthoki, anza wimbo!"

Wakaja wakiimba. Walichukua muda kufika, kwa kuwa hakuna aliyetaka kufika upesi, na watoto waliingia katikati yao, na mzee mmoja wa nyumba ya jirani akatoka na suruali ya kulalia akapiga makofi. Mama Kate hakutoka nje hata hatua moja kuwalaki. Alikuwa anatingisha mabega tu, pale pale ndani, na machozi yanashuka hayafuti.

"Hodi!" Njoki akaita tena.

"Karibuni nyumbani."

Njoki akavua viatu, akainamisha kichwa ili kilemba kisiguse fremu, akaingia wa kwanza. Nikaona kwa dirisha akilitazama lile pazia, kisha akikaa kwenye kitanda kwa uzito wake wote, mpaka chuma kikalia. Wengine wakamfuata, wakabanana kitandani, kwenye vigoda, juu ya mifuko ya unga waliyoileta wenyewe, na waliokosa nafasi wakaketi kwenye ndoo nje ya mlango.

"Mama Kate!" sauti ya Njoki ikasikika mtaa mzima. "Wageni wako wameketi. Weka chai."